Jicho la Yaya na Ukuta wa Chupa

Mwanaume aliyemwunguza jicho yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa na sauti nzuri ya kuimba. Ninaanza na hilo kwa sababu watu wa mji wetu wa Baraka walizoea kumtetea kwa sauti hiyo. Walisema mtu anayeimba vile hawezi kuwa na roho mbaya. Mimi nilimsikia akiimba kila asubuhi kwa miaka, na ninasema anaweza.

Alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa kiwanda cha sabuni tulichofanyia kazi mimi na yaya. Alikuwa pia mtu wa Chama. Kabla moto haujawashwa chini ya masufuria, wafanyakazi wote tulisimama mbele ya bendera, naye akatuongoza kuimba na kucheza sifa za Kiongozi. Bamama wenye watoto mgongoni walicheza. Walinzi wazee walicheza. Asiyecheza vizuri aliandikwa kuwa mvivu, na wakati ule mvivu hakuwa mbali na adui wa nchi.

Kiwanda kilikuwa karibu na ziwa, kwenye barabara inayopanda kwenda Fizi. Alikijenga Mgiriki mmoja. Kisha Serikali ikawanyang'anya wageni biashara zao na kuwapa wananchi, na kiwanda kikaangukia mikononi mwa bwana mmoja wa Bukavu ambaye hajawahi kupika sabuni hata ya kufulia soksi zake. Tulimwita Patro. Alikuja mara moja moja, amevaa abakosi yake, suti ya wakubwa wa wakati ule, iliyopigwa pasi, akauliza faida iko wapi, akaondoka. Siku zote nyingine, mkubwa wetu alikuwa kapita.

Nieleze kazi yenyewe, maana ubaya wake ulijificha humo. Sabuni ni mafuta na soda. Soda ile ni kali, inakula ngozi, lakini ikikutana na mafuta inapoa na kuwa sabuni. Mafuta hayanywi soda sawasawa. Mawese, yale mekundu ya nyama ya ngazi, tunda la mchikichi, yanakunywa kidogo. Mafuta ya mise, yanayotolewa kwenye kokwa la ndani, yanakunywa zaidi, na ndiyo yanayoleta povu. Ukiyapa mafuta soda kuliko yanavyoweza kunywa, ile iliyobaki inakaa ndani ya mche wa sabuni ikingoja ngozi ya mtu.

Yaya alikuwa mpimaji wa soda. Alifanya kazi katika kijumba chake pembeni, amejifunga kitambaa puani, na mapipa ya mafuta hakuyaona. Yalikaa upande mwingine, chini ya kapita. Kapita alisimama mlangoni, akasema, "Leo iko meupe," na yaya akapima soda ya mafuta meupe. Mimi nilikuwa mkataji. Nilikata sabuni kwa waya ikishaganda.

Jina hilo la "meupe" ndilo lililotuua. Kwa kontabile, kijana mpole aliyeshika makaratasi ya hesabu katika biro, yaani ofisi, meupe ilikuwa mise. Kwa wachungaji wa Bibokoboko walioshuka na mafuta ya ng'ombe kwenye madebe, meupe ilikuwa yale yao. Na kuna mawese ambayo mtu anayachemsha mpaka wekundu unakufa, yakapauka. Hayo nayo sokoni waliyaita meupe. Vitu vitatu, jina moja, na kila kimoja kina kiu yake ya soda. Ukitaka kuiba kiwandani, hukuhitaji kuvunja kufuli. Jina lilikutosha.

Msimu mmoja wa mvua sabuni yetu ikaanza kuuma. Kwanza walilalamika wanawake wanaofua ziwani, vidole vimechubuka. Kisha sabuni ikapelekwa kwa akina mama waliotoka kujifungua, wakaogeshwa nayo. Sitaeleza zaidi. Vilio vile vilifika mpaka sokoni, na kesho yake waume zao walikuwa mlangoni kwetu na mapanga.

Kapita aliwatuliza. Aliwaambia mkosaji atajulikana asubuhi mbele ya bendera.

Asubuhi hiyo hatukucheza. Kapita alimtoa yaya katika mstari akamsimamisha peke yake.

"Sitwayeni," alimwambia, yaani mwananchi, maana ndivyo tulivyolazimishwa kuitana wakati ule, "nani anapimaka soda?"

"Ni mi."

"Nani mwingine?"

"Hakuna. Lakini mi napimaka vile unaniambia. Ulisema iko meupe, nikapima ya meupe."

"Munasikia? Anataka kunitupia mi kosa yake." Akageukia wale wanaume wenye mapanga. "Huyu njo muharibifu. Sasa tuone kama sabuni yake iko muzuri. Leta maji."

Ikaletwa beseni. Akampa yaya mche wa sabuni ile ile.

"Nawa uso."

Yaya alinitazama. Mimi nilikuwa katika mstari, nimeshikwa mkono na mwanamke aliyesimama kando yangu, na alinishika kwa nguvu hata kucha zikaingia. Yaya akanawa. Kapita akasema, "Ongeza. Sugua. Bibi za watu balisugua," na yaya akasugua. Hakulia mwanzoni. Alipoanza kulia, kapita alianzisha wimbo, na sisi tukapiga makofi, kwa sababu wimbo wenyewe ulikuwa wa Chama na kutopiga makofi kulikuwa mlango wa gereza.

Jicho la kulia lilikufa. Infirmie, muuguzi wa zahanati, alilisafisha kwa maji mengi, akasema amechelewa kuletwa. Yaya akafukuzwa kazi. Tangu hapo alitembea barabarani akigeuza shingo yote kama kuku, asigongwe na malori yanayotoka Fizi.

Mimi nilirudi kazini. Watu walinishangaa. Mama yetu hakusema nami siku nyingi. Shangazi alisema wazi, "We unakula mukononi ya ule muntu?" Nilimjibu kwamba nyoka huuawa ndani ya nyumba anamoishi. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ilitaka kukaa karibu naye, imtazame shingo anapoinama kuwasha sigara.

Ukweli ulinifikia sokoni. Mama mmoja mchuuzi wa Kazimia, aliyekuja kwa boti kununua mafuta, alikuwa akimsifia mwenzake jinsi Baraka kulivyo na mise nzuri. Anaipata wapi? Kwa kapita wa kiwanda cha sabuni. Anampa pipa zima, pengine mawili, na mwezi uliopita vilevile. Nilisimama pale na dagaa zangu mkononi, nikaelewa yote. Aliuza mise, akajaza mapipa kwa mawese yaliyochemshwa yakapauka, ambayo ni rahisi, kisha akaenda mlangoni kwa yaya akasema, "Leo iko meupe." Yaya akapima soda ya mise. Mawese yakanywa yalivyoweza, na soda iliyobaki ikaenda kwenye miili ya wale waliojifungua na kwenye jicho la yaya.

Na yeye alijua. Alipompa yaya ule mche alijua kabisa kilichomo.

Ningeenda kwa nani? Biro ingesoma makaratasi: meupe. Kapita angesema: meupe, na hangekuwa amedanganya neno. Chama kilikuwa ni yeye mwenyewe. Nikaendelea kukata sabuni.

Patro alikuja baadaye akiwa na hasira, kwa sababu wafanyabiashara wa Uvira walikataa sabuni yetu. Alituita wote, akatukana, akauliza nani mwenye la kusema. Nilipiga hatua mbele. 

"Patro, uliza watu watatu pipa ile ya kwanza iko na nini. Lakini kila mutu peke yake."

Alicheka. Ila alikuwa mtu asiyemwamini yeyote, na watu wa namna hiyo hupenda jaribio. Akamwita kontabile kando, halafu mchungaji wa Bibokoboko aliyekuwa ameleta madebe yake siku hiyo, halafu mwanamke aliyechukua nafasi ya yaya kwenye soda. Kapita hakuulizwa, alikuwa ameenda mkutano wa Chama Fizi. Wa kwanza alisema mise. Wa pili alichungulia pipani, akasema si ya ng'ombe, labda mawese ya kuchemsha. Wa tatu alisema, "Meupe, Patro. Mi naambiwaka hivyo tu."

Uso wa Patro ulibadilika. Aliyaona mapipa yote kwa mara ya kwanza. Kapita sikumtaja: alikuwa mtu wa Chama, nami sikuwa na ushahidi wa mkono wake.

"Sasa tufanye nini?"

"Tuweke pahali pamoja," nilisema. "Pahali pamoja tu penye kusema ukweli ya kila pipa. Hata biro iende kusoma pale. Hata kapita. Hata weye."

Hivyo ukazaliwa ukuta wa chupa. Tuliuchagua ule unaotazama mashariki, karibu na masufuria, mahali kila mtu anapopita. Tukapigilia misumari. Kila pipa lilipofika lilifunguliwa mbele ya aliyeleta, mpimaji wa soda na mlinzi. Tukachota mafuta, tukayajaza katika chupa nyeupe ya limonadi, tukaifunga kwa nta na kuitundika. Mfua vyuma wa Mboko alitutengenezea alama za kuchoma: pipa lilipata alama, na ubao chini ya chupa ukapata alama hiyo hiyo. Chini yake tulipaka kwa rangi jina la mafuta na makopo ya soda ambayo mafuta hayo yanakunywa. Neno "meupe" lilipigwa marufuku. Mise iliitwa mise. Mawese yaliyochemshwa yaliitwa mawese ya kuchemsha. Yule mchungaji alifurahi kuliko wote. Alisema, kwa Kiswahili chake cha polepole, "Ya kwangu iko ya ng'ombe. Andika ng'ombe, mutu asinisingizie."

Hatukubahatisha ile hesabu ya makopo. Kontabile na bamama wa masufuria walipika sabuni ndogo ndogo katika vikopo, kila aina ya mafuta, kila kipimo, na tukazionja kwa ncha ya ulimi. Inayouma, ikatupwa. Inayoteleza mafuta, ikatupwa. Yaya alikuwa nyumbani, nami nilimpelekea vipande jioni, naye akavionja. Kontabile akayafungia makaratasi yake ya zamani katika kabati, akawa anakuja ukutani kila asubuhi na kalamu yake kunakili yaliyopo. Watu wakaanza kusema, "Uliza ukuta."

Kapita aliuita ukuta wa bamama. Hakuutazama. Aliupita kama mtu anavyopita nguo za wanawake zilizoanikwa.

Wengi walidhani niliufanya kwa ajili ya kiwanda. Mimi niliufanya kama mtego. Nilijua kwamba kapita akiona kila mtu ameuamini ukuta, atafurahi kuliko sisi: chupa ikisema mise, nani atafungua pipa tena? Nilimwachia mlango huo wazi makusudi. Kilichokuwa hakijulikani kwake ni kwamba mimi na mpimaji wa soda tulikubaliana, asubuhi ya kupika, kuchota chupa ya pili kutoka pipa lile lile na kuiweka juani kando ya ya kwanza. Jua likipanda, mise husafika kama chai. Mawese hata yaliyopauka hubaki na ukungu, na chini yake hutuama mashapo mazito.

Asubuhi nyingi chupa zilifanana. Nilianza kuogopa kwamba ameacha wizi, na ninakiri bila aibu kwamba sikutaka aache.

Halafu siku moja hazikufanana. Pipa lenye alama ya mise lilitoa chupa yenye ukungu. Nilishika ukuta. Wakati huohuo kapita alitokea mlangoni kwa soda, akasema kwa ile sauti yake, "Leo mise, sitwayeni. Pima yote," kisha akaenda zake.

Nilimshika mkono mpimaji wa soda.

"Pima ya mise," nilimwambia. "Vile amesema. Iume."

Alinitazama kama hanijui. "Chupa iko mawese."

"Najua. Acha iume. Sabuni hii haitatoka hapa, itakuwa yake peke yake."

"We njo ulitufundisha. Ukuta ukisema mawese, tunapima ya mawese. Ufunguo ya soda iko na mi, na mi sitapima ingine."

"Hata kopo moja? Sufuria ndogo tu, ya uso wake?"

"Hata kijiko, dada."

Nilimchukia siku hiyo. Nilimchukia kwa sababu alikuwa amesimama na kitambaa puani vilevile kama yaya, akisema jambo ambalo yaya angesema. Alipima ya mawese. Nilibadilisha ubao chini ya chupa, na sabuni ikapikwa vizuri, laini, isiyo na kosa. Kapita alipita ukutani mara ngapi sijui, na hakuinua macho.

Patro alipokuja kukagua, sabuni ile ilikuwa imeganda na nimekwisha kuikata. Tulisimama mbele ya bendera. Tuliimba. Wimbo ulipokwisha nilitoka mstarini bila kuitwa, na beseni la maji, na mche mmoja.

"Patro," nilisema, "hii ni sabuni ya pipa yenye kapita alisema mise. Tunaomba anawe uso mbele yetu, watu bajue sabuni yetu imepona."

Patro alicheka. Aliona ni jambo jema, karibu sherehe. "Njoo, kapita. Nawa, tuone."

Nilimkazia macho. Nilitaka kuona rangi ikimtoka, na niliiona. Aliutazama mche mkononi mwangu kama mtu anayetazama kaa la moto. Yeye alijua alichomwaga katika pipa lile. Alijua alichomwambia mpimaji. Hakujua kwamba ukuta ulikuwa umemsahihisha.

"Mi nishaoga," alisema.

"Uso tu," nilimwambia.

"Huyu mwanamuke ananitafutia. Dada yake alikuwa muharibifu."

"Basi nawa," alisema Patro, na sasa hakuwa anacheka.

Kapita alirudi nyuma. Akasema ana jipu. Akasema sabuni mpya si ya uso. Patro aliwapa ishara walinzi, wale wale wazee ambao kapita aliwachezesha miaka yote, nao wakamshika mabega. Nililowesha mche, nikatoa povu, nikamkaribia. Povu halijamgusa alianza kupiga yowe.

"Itanitoboa macho! Iko mawese! Patro, iko mawese, mi niliweka mawese, soda iko mingi, itanitoboa!"

 Kontabile aliacha mdomo wazi.

Nilimpaka. Nilimpaka kwenye paji, mashavuni, juu ya kope zote mbili, na nikasugua kama alivyomwambia yaya asugue. Alilia na kujikojolea. Kisha nikammwagia maji, na akafungua macho, na macho yalikuwa mazima. Hayakuwa hata mekundu. Alijishika uso, akajishika tena, na hapo wanawake wakaanza kucheka. Walicheka wakajishika viuno. Waliimba ule wimbo wake, ule wa siku ya yaya, wakiupigia makofi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika mche wa sabuni njema kabisa, na nililia kwa uchungu, maana macho yake mawili yalikuwa yakinitazama.

Patro alimfukuza siku hiyo hiyo. Chama nacho kilimkana haraka: mtu aliyejikojolea mbele ya bendera hangeweza tena kuimbisha chini yake. Hakuna mwenye nyumba Baraka aliyempa chumba. Watoto walimfuata wakimwuliza kama amenawa. Alikimbilia Lulimba kuchimba dhahabu, na mkewe hakumfuata.

Nilikwenda kwa yaya nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, amegeuza lile jicho zima upande wangu. Nilitegemea aseme nimefanya vema, au nimwachie Mungu kama wasemavyo kanisani.

"Ilimuuma kidogo?" aliuliza.

"Hapana, yaya. Hata kidogo."

"Pole," alisema. Mpaka leo sijui alikuwa akimpa pole nani.

Alirudishwa kazini, kwenye mapipa, akawa mwenye kuchota chupa. Kiwanda kiliendelea miaka michache. Baadaye Patro aliuza masufuria, kisha mabati ya paa, kisha hata ile misumari, na sisi bamama tukaanza kupika sabuni majumbani, kila mtaa na kipimo kile kile cha ukutani. Wapimaji waliofundishwa na yaya nao walifundisha binti zao.

Habari ya kapita ilikuja na dereva wa lori. Shimo lilimwangukia huko Lulimba, na walichelewa kumtoa. Jirani zetu walisema maskini, alikuwa na sauti nzuri. Mimi niliingia jikoni, nikachinja jogoo tuliyekuwa tukimtunzia sikukuu, nikampika na wali. Mama yetu alijua sababu, akakataa kula, akaenda kusali. Yaya alivuta mkeka, akaketi, akanawa mikono. Alikula polepole, akanyonya mifupa, na alipomaliza alisukuma sahani kwangu.

"Ongeza," alisema.